Berit Nesheim, Mkunga wa Bonde la Sheyenne

Tarehe 30 Juni 1914, Bi. Berit Nesheim, Mkunga Mkuu wa Hospitali ya Nyvang, anastaafu rasmi baada ya kuwatumikia watu wa bonde hili kwa miaka thelathini na minne. Hospitali yenyewe ina umri wa miaka kumi na mmoja tu, kwa hiyo msomaji makini atauliza ile mingine ishirini na mitatu aliitumikia wapi. Aliitumikia majikoni mwetu, vitandani mwa mama zetu, mara kadhaa mazizini, na mara moja ndani ya behewa la ngano lililokwama kwenye theluji. Kamati ya sherehe ilimwomba mwandishi wa wasifu huu, muuguzi Signe Haugen, aandike kwa kifupi. Amejitahidi, lakini ufupi umemshinda.

Bi. Berit alizaliwa mwaka 1853 huko Hardanger, Norwei, binti wa mwalimu wa shule ambaye Jumapili alikuwa mpiga kinanda wa kanisa. Mzee huyo hakuwa na mtoto wa kiume wa kumrithisha elimu yake, wala hakuona sababu ya kumngojea. Alimkalisha binti yake darasani pamoja na wavulana, akamfundisha hesabu, Kijerumani na mifupa ya mwili wa binadamu. Baadaye alimpeleka mji mkuu, Kristiania, kwenye shule ya ukunga, naye akahitimu miongoni mwa wa kwanza. Alifanya kazi miaka miwili katika parokia ya visiwani, akijipigia makasia mwenyewe kutoka kisiwa hadi kisiwa. Huko ndiko alikokutana na seremala mpole aitwaye Halvor Nesheim, aliyekuwa amekwisha kununua tiketi ya kwenda Marekani. Walioana, Halvor akatangulia kuchukua shamba huku Dakota, naye mkewe akamfuata majira ya kuchipua ya mwaka 1880.

Alishuka hapa akiwa na sanduku moja la nguo, mawili ya vitabu, mkoba mweusi wa vifaa vya kazi, na kofia yenye utepe wa buluu. Kofia hiyo haikumaliza siku. Upepo wa uwanda uliinyakua akiwa bado juu ya mkokoteni, ikapotelea kwenye majani. Wiki chache baadaye ilionekana kichwani mwa ng'ombe dume wa Nils Ostby, na Ostby akaapa kwamba ng'ombe aliikuta mwenyewe. Bi. Berit aliitazama, akasema inampendeza kuliko ilivyompendeza yeye, akafunga kitambaa kichwani kama wanawake wengine. Tangu siku hiyo hajavaa kofia tena.

Wazee wanaokumbuka Nyvang ya wakati ule wanajua haikuwa mji. Zilikuwepo familia chache zilizotawanyika pande zote mbili za mto, zikiishi ndani ya nyumba zilizojengwa kwa mabonge ya udongo yenye nyasi zake, ambazo mvua iliponyesha nje siku mbili, ndani ilinyesha tatu. Daktari wa karibu alikuwa kwenye mji wa reli, mwendo wa siku nzima barabara ikiwa kavu. Na wanawake walipojifungua, walimwita Guro Lunde.

Guro Lunde alikuwa mjane wa makamo ya kukaribia uzee, mfupi, mwenye sauti nzito na mikono mipana. Hakuwa amesoma ukunga popote. Alianza kwa kumsaidia dada yake, kisha jirani, na kufikia wakati ule karibu kila mtoto aliyekuwa akitambaa katika bonde hili alikuwa amepitia mikononi mwake. Alikuja hata kwenye baridi kali, akabaki kupika na kufua hadi mzazi aweze kusimama. Watu walimpenda, na walikuwa na haki ya kumpenda. Aliposikia kwamba amekuja mkunga mwenye cheti, alicheka, akasema mtoto huwa hasomi cheti kabla ya kutoka.

Kwa hiyo mwaka ule wa kwanza Bi. Berit alipanda viazi. Hakuna aliyebisha hodi kwake isipokuwa Nils Ostby, na yeye alikuja kwa ajili ya ng'ombe wake aliyeshindwa kuzaa. Halvor alichukia, akaona mkewe anadharauliwa. Bi. Berit alichukua mkoba wake, akaenda zizini, akanawa mikono kwa dawa hadi kwenye viwiko huku Ostby akimtazama kama mtu anayesali dini ya kigeni, akamtoa ndama akiwa hai. Habari zilienea. Baada ya mavuno alikuja mwanamke wa kwanza, akifuatwa na wa pili, na wote wawili walieleza kwa haya kidogo kwamba wameamua kumjaribu kwa kuwa ng'ombe wa Ostby anaendelea vizuri.

Sasa inafika sehemu ambayo Bi. Berit mwenyewe ameagiza iandikwe. Alipoambiwa kwamba wasifu wa sherehe huwa wa sifa tupu, alijibu kwamba sifa tupu ni kama uji usio na chumvi, na kwamba akisomewa uji wa namna hiyo atatoka ukumbini.

Mwaka 1882, mama mmoja kijana wa ng'ambo ya mto alikufa kwa homa ya uzazi, juma moja baada ya kujifungua. Guro Lunde ndiye aliyemhudumia. Majira ya baridi hayo, kwenye mkutano wa wanawake wa kanisa, mbele ya kila mtu na mbele ya mama wa marehemu, Bi. Berit alisimama na kueleza alichofundishwa Kristiania: kwamba homa ile huletwa na mikono isiyosafishwa, na kwamba mikono ya mkunga inaweza kuua. Hakutaja jina. Hakukuwa na haja ya kulitaja, maana mkunga mwingine alikuwa mmoja tu, naye alikuwa amekaa safu ya pili akifuma soksi. Guro alikunja kazi yake, akajitanda shali, akatoka. Baadhi ya wanawake walimfuata. Nyumbani kwake alimwambia binti yake Randi, aliyekuwa mjamzito, kwamba yule msomi hatakanyaga kizingiti cha nyumba yao yeye akiwa hai.

Aprili ya mwaka uliofuata barafu ilipasuka ghafla na mto Sheyenne ukafurika kama ambavyo haujafurika tena tangu hapo. Upande huu, nyumbani kwa akina Nesheim, mtoto wao wa pekee, Liv, aliyekuwa bado hajatimiza miaka mitatu, alishikwa na ugonjwa wa koo. Kila pumzi ilitoka kwa mluzi. Halvor alikuwa ameondoka na farasi kumtafuta daktari wa mji wa reli, na maji yakafunga barabara nyuma yake. Bi. Berit alibaki peke yake na mtoto, akimshikilia wima juu ya mvuke wa birika, akijua vizuri kuliko mtu yeyote bondeni kile ambacho koo lile lingeweza kufanya.

Asubuhi mlango ulifunguliwa bila hodi. Alikuwa Guro Lunde, amelowa hadi kiunoni. Mkwewe Peder, mume wa Randi aliyelichukua jina la shamba lao, alikuwa amemvusha ndani ya bodi la mkokoteni lililozibwa nyufa kwa lami, katikati ya mapande ya barafu.

"Sikuja kukuomba msamaha," alisema Guro, "wala sikuja kukupa. Randi ana uchungu tangu jana. Mkono wa mtoto umetangulia, na mimi siwezi kumgeuza."

"Mama Guro, tazama nilichobeba," alijibu Bi. Berit.

Guro alisogea, akainamisha sikio kwenye kifua cha mtoto, akasikiliza kwa muda mrefu. Kisha akavua shali yake na kuitundika kwenye msumari.

"Basi tubadilishane," alisema. "Wewe nenda kwa wangu, mimi nikae na wako."

Bi. Berit alizidi kumkumbatia Liv. Guro akamtazama usoni.

"Unaiogopa mikono hii?"

Bi. Berit anasema katika maisha yake ameulizwa maswali mengi na madaktari na maprofesa, lakini hakuna lililomkata kama lile. Aliogopa, ndiyo. Aliogopa kumwacha mtoto na mtu yeyote yule. Na alijua kwamba ng'ambo ya maji kuna mwanamke wa umri wake ambaye asipofikiwa siku ile hatafikiwa tena.

"Sabuni ya dawa iko pale dirishani," alisema mwishowe. "Nawa hadi kwenye viwiko. Mbebe wima, na usiache birika lipoe."

Guro alinawa mbele yake, polepole, kidole kwa kidole. Akanyoosha mikono, akampokea Liv.

Peder Lunde, ambaye leo amekaa safu ya mbele na atathibitisha, anasimulia kwamba wakivuka, Bi. Berit alikuwa amepiga magoti ndani ya bodi lile, mkoba ameuweka kichwani, huku akiusemesha mto kwa Kijerumani. Hakuelewa hata neno moja, lakini anaamini mto ulielewa, kwa sababu mapande makubwa ya barafu yaliwapita kando. Peder anapenda kuiongezea hadithi hii kila mwaka. Siku za karibuni pande moja la barafu limefikia ukubwa wa kanisa.

Randi alikuwa amechoka kiasi cha kutolia tena. Bi. Berit alinawa, akaweka kibomba chake cha mti juu ya tumbo, akasikiliza huku na huku. Hakusikia moyo. Alisikiliza tena mahali pengine kwa sababu alitaka asikie.

"Yuko hai?" aliuliza Randi.

"Hapana," alisema Bi. Berit. "Lakini wewe uko hai, na nataka ubaki hivyo. Nisaidie."

Randi alimsaidia. Anasema hadi leo kwamba hilo ndilo lililomwokoa, kuambiwa ukweli na kupewa kazi ya kufanya kwa wakati mmoja. Ilichukua sehemu kubwa ya siku kumgeuza mtoto na kumtoa. Alikuwa mvulana, mzima wa viungo, mwenye nywele nyingi. Walimvika shati lililoshonwa kwa ajili ya ubatizo wake. Bi. Berit hakuweza kuondoka jioni ile, maana damu ilikuwa haijatulia. Alikaa kando ya kitanda, mkono wake ukiwa juu ya tumbo la Randi na moyo wake ukiwa ng'ambo ya maji.

Kesho yake Peder alimrudisha. Kutoka katikati ya mto aliuona moshi wa bomba la nyumba yake, akaambiwa na Peder kwamba hiyo ni dalili njema. Moshi ungemwambia tu kwamba Guro yuko macho.

Alipofungua mlango, nyumba nzima ilikuwa imejaa mvuke, maji yakitiririka kwenye kuta. Guro alikuwa kwenye kiti palepale alipomwacha, mikono yake imekuwa myekundu kwa kuungua na birika, na Liv amelala kifuani pake. Mluzi ulikuwa umekwisha. Mtoto alikuwa akikoroma kama mvuvi.

Guro alimtazama mwenzake usoni.

"Randi anaishi," alisema Bi. Berit. "Alikuwa mvulana. Hatukumpata."

Guro aliinamisha kichwa juu ya nywele za Liv, akakaa hivyo. Bi. Berit akapiga magoti mbele ya kiti.

"Ningeitwa siku moja mapema angekuwa na nafasi," alisema. "Na hukuniita kwa sababu ya mdomo wangu."

"Mdomo ulikuwa wako," alisema Guro. "Mlango niliufunga mimi. Tusigombanie hilo nalo."

Halvor alirudi maji yalipopungua, bila daktari, akawakuta wanawake wawili jikoni mwake wakimlisha binti yake uji wa krimu kwa zamu. Anasemekana kuvua kofia na kutoka tena nje kwenda kuwatazama farasi kwa muda mrefu kuliko farasi walivyohitaji.

Mkutano wa wanawake wa kanisa uliofuata ulikuwa mwezi wa Mei. Bi. Berit alisimama tena. Mama yake mwandishi alikuwepo, na maneno haya yametoka kwake: "Niliyoyasema kuhusu mikono ni kweli, na nitayasema tena hadi mnichoke. Lakini siku ile niliyasema ili nionekane nimesoma. Kwa hilo naomba msamaha, kwanza kwa Mama Guro." Guro alijibu kutoka safu ya pili, bila kuinua macho kutoka kwenye soksi yake, kwamba amesikia, na kwamba kahawa inapoa.

Ndivyo ulivyoanza ushirikiano ambao bonde hili liliutegemea kwa miaka kumi na sita. Walikwenda wawili wawili, msomi na mjane, juu ya mkokoteni wakati wa kiangazi na juu ya gari la theluji wakati wa baridi, na walibishana njia nzima. Walibishana kuhusu dirisha lifunguliwe au lifungwe, kuhusu brandi, na kuhusu kama ni halali kumpa mzazi samaki wa chumvi. Guro alinawa kila mara, na kila mara alimwambia mzazi kwamba ananawa ili kuepuka kelele za huyu hapa. Bi. Berit kwa upande wake anasema shule haikumfundisha kukaa. Yeye alikuwa mtu wa kutenda, kupima, kuinuka na kuzunguka. Kwa Guro alijifunza kuvuta kiti, kushika soksi, na kuuacha uchungu ufanye kazi yake bila kusumbuliwa. Tangu waanze kwenda pamoja, hakuna mama wa Nyvang aliyekufa tena kwa ile homa. Randi alizaa wengine wanne, na wote walipokelewa na wanawake hao wawili huku wakibishana.

Guro Lunde alifariki mwaka 1899 kitandani kwake, akihudumiwa na Bi. Berit, ambaye alizuiwa kufungua dirisha hadi dakika ya mwisho.

Wakati huohuo watu waliendelea kuja. Walikuja Wajerumani waliotoka Urusi, nao walifurahi kumkuta mtu anayejua lugha yao, ingawa walilalamika kwamba anaizungumza kama Biblia. Mara mbili aliitwa kwa Wadakota wa ng'ambo ya vilima, watu ambao bonde hili lilikuwa lao kabla halijawa letu. Wana wakunga wao. Bi. Berit anasema alikaa pale alipoambiwa akae, akashika alichoambiwa ashike, na akarudi na mbinu moja ya kumsimamisha mzazi ambayo ametufundisha sisi sote hospitalini. Kwa akina mama vijana alianzisha darasa la majira ya baridi jikoni kwake: Kiingereza, usafi, na kusoma magazeti kwa sauti. Wanaume walinung'unika kwamba wake zao wanarudi na maoni. Halvor, aliyekuwa akitengeneza viti vya darasa hilo, aliwaambia watazoea, yeye amezoea.

Mwaka 1902 mkutano wa kanisa ulijadili kengele. Mnara ulikuwa tayari na wazee walitaka kengele kubwa kutoka mji wa mashariki. Bi. Berit alitaka nyumba yenye vitanda sita. Mchungaji Fossum, mtu mwema, alisema kwa upole kwamba jamii isiyo na kengele haina sauti. Bi. Berit alijibu: "Mchungaji, kengele itatuita kwenda kuzika. Mimi naomba nyumba itakayotuchelewesha." Peder Lunde akainua mkono na kusema ataleta mbao. Hospitali ilifunguliwa mwaka uliofuata. Kengele tulipata baadaye, ndogo kidogo, nayo inasikika vizuri tu.

Pamoja na hospitali alikuja Daktari Whitcomb, kijana kutoka mashariki, na pamoja naye zikaja kanuni. Daktari alikuta kwamba Mkunga Mkuu wake ana cheti cha Kinorwei ambacho jimbo halikitambui. Alimwambia, kwa heshima, kwamba hataweza kumruhusu kufanya kazi chini ya paa lile mpaka afanye mtihani wa jimbo kwa Kiingereza. Watu walikasirika. Kulikuwa na mazungumzo ya kumrudisha daktari alikotoka, ndani ya mkokoteni wa nguruwe. Bi. Berit aliwakataza. Alisema yeye ndiye aliyewaambia watu wa bonde hili miaka yote kwamba elimu ipimwe, hawezi kukimbia mizani ikielekezwa kwake.

Alikuwa na umri wa miaka hamsini. Kipupwe kizima alisoma vitabu vya Kiingereza na kamusi, na daktari mwenyewe alikuja Jumatano kumrekebisha matamshi, akilipwa kwa chapati za viazi. Siku ya mtihani, mbele ya jopo la waheshimiwa watatu, aliulizwa anafanya nini kwanza anapoingia chumba cha mwanamke mwenye uchungu. Wote walingoja aseme ananawa mikono. Bi. Berit alijibu: "Namtoa mume nje." Mheshimiwa wa katikati, baba wa watoto saba, alicheka hadi akavua miwani. Ndipo Bi. Berit akaongeza kwamba baada ya hapo hunawa, akaeleza vipi, kwa nini na kwa muda gani, hata wakamwomba apumzike. Daktari Whitcomb alimngojea kituo cha treni akiwa na maua. Mwaka 1906 mke wake alipojifungua pacha, daktari alitolewa nje kama wengine.

Mwandishi alijiunga na hospitali mwaka 1908, akiwa mmoja wa wale ambao Bi. Berit mwenyewe aliwapokea duniani, jambo ambalo humfanya mtu kuwa mdogo milele machoni pa bosi wake. Kufanya kazi naye si kazi nyepesi. Hukagua kucha. Hajapata kumsifu mtu kwa kufanya kinachotakiwa. Lakini mwaka 1909, mzee Halvor alipofariki katika msimu wa mavuno, alirudi kazini juma lilelile kwa sababu kulikuwa na mama wa Kijerumani aliyeogopa wageni. Tulimkuta amekaa kando ya kitanda chake, soksi mkononi. Ilikuwa vigumu kujua ni nani aliyekuwa akimfariji mwenzake.

Shuleni Nyvang hivi sasa kuna wasichana wengi mno wanaoitwa Berit, hata mwalimu huwaita kwa rangi za nywele. Lakini ukimuuliza Bi. Berit amepokea watoto wangapi, hatakujibu. Husema waliolia wanaweza kujihesabu wenyewe. Wale ambao hawakulia anawajua kwa majina, hata wale ambao hawakupewa majina na mtu mwingine. Kila Aprili, barafu inapopasuka, yeye na Randi hutembea hadi kwenye kaburi dogo lililo juu ya ukingo, hufagia majani na kurudi. Sisi wengine tumelijua hilo mwaka huu tu.

Watu wengi wameuliza kama sasa atarudi Hardanger. Liv, ambaye ni mwalimu Minneapolis na yuko nasi leo pamoja na mumewe na wanawe, alimwandalia chumba mjini. Bi. Berit alimshukuru na kukikataa. Randi naye hakuandaa maneno. Alikuja na Peder na mkokoteni, akaanza kubeba masanduku ya vitabu. Bi. Berit alimuuliza anayapeleka wapi. "Nyumbani," alisema Randi. "Mama aliniambia siku zake za mwisho kwamba ukichoka uje kwetu. Sikukwambia kwa sababu ulikuwa hujachoka." Basi Bi. Berit anahamia ng'ambo ya mto, kwenye nyumba ambayo zamani aliapiwa hatakanyaga kizingiti chake. Tumeambiwa kwamba wamekwisha kugombana kuhusu dirisha.

Kazi yake ya mwisho ilikuwa wiki mbili zilizopita, kwa mama kijana wa shamba la mashariki, mtoto wake wa kwanza. Mwandishi alikwenda kama msaidizi. Walipofika, Bi. Berit alinawa, akamsalimia mama, akamtoa mume nje, kisha akaenda kukaa kwenye kiti cha dirishani. Hakuinuka. Mwandishi alimngoja, halafu akaelewa, akanawa na kuanza kazi. Mama mkwe wa mzazi alileta kahawa. Mchana ulipita taratibu, na mtoto alikuja kama mtoto anavyotakiwa kuja, msichana, mwenye hasira na sauti ya kutosha.

Mwandishi alipomaliza kila kitu na kugeuka, alingojea kuambiwa kilichokosewa. Bi. Berit alikuwa ameshika kikombe kitupu, akikitazama.

"Miaka thelathini na minne katika nyumba za uzazi," alisema, "na leo ndiyo mara ya kwanza nimekunywa kahawa ikiwa bado ya moto."

Hospitali haijui sifa kubwa kuliko hiyo, na muuguzi aliyepewa haombi nyingine.

Bi. Berit, kwa niaba ya wafanyakazi wenzako, na kwa niaba ya wote uliowasikia wakilia kabla sisi wengine hatujawasikia, tunasema asante. Nenda ukapumzike ng'ambo. Asubuhi zako ziwe ndefu, mto uwe mpole, na yeyote atakayekugongea mlango awe amekuja kukusalimia tu. Kahawa yako, hadi mwisho, iwe ya moto.